Ramani, Siasa, Ujasusi na Mizimu: Maswali Mnayotuuliza Kuhusu Orodha Yetu ya Vitabu

Sisi ni wasomaji wachache wa Mwanza. Tunakutana Jumamosi jioni, mara Kirumba, mara Isamilo, kutegemea nani ana sebule yenye nafasi na umeme haujakatika. Kila mwaka tunatoa orodha ya vitabu tulivyovisoma na kuvikubali. Ya safari hii imeleta maswali kuliko zote, kwa hiyo tunayajibu hapa, mengine kwa kirefu, mengine kwa mkato.

Mbona mmechanganya mambo manne yasiyohusiana? Ramani na mizimu wapi na wapi?

Kwa mtu wa kando ya Ziwa yanahusiana kuliko anavyodhani. Turudi katikati ya miaka ya 1970. Mikoa ya Mwanza na Shinyanga ilikuwa na mauaji mengi yaliyotokana na imani za kishirikina. Serikali ikatuma polisi na watu wa usalama kuyakomesha. Watu wakakamatwa, wakateswa, na wengine wakafia mikononi mwa waliowakamata. Mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, akajiuzulu kwa ajili hiyo, ingawa yeye mwenyewe hakumgusa mtu. Tukio hilo moja lina uchawi, lina makachero, lina siasa ya juu kabisa, na limetokea hapa kwetu. Ukitaka kulitenganisha uliweke kwenye rafu tatu tofauti, utabaki hujalielewa.

Ndiyo maana tukavichagua vitabu ambavyo mambo haya yanaingiliana. Kitabu cha jasusi asiye na siasa nyuma yake hutuchosha upesi, na cha mzimu usiomdai mtu chochote vilevile.

"Vya karibuni" maana yake nini? Nimeona vingine vina umri wa baba yangu.

Vingi ni vya kuanzia 2020 na kuendelea. Vya zamani tumeviweka pale ambapo kipya hakisomeki vizuri bila mtangulizi wake. Hatuna msimamo mkali.

Nina nafasi ya kitabu kimoja tu. Nianze na kipi?

Kama Kiingereza hakikupi shida, anza na *River of the Gods* cha Candice Millard, kilichotoka 2022. Kinasimulia safari za Burton na Speke kutafuta chanzo cha Nile. Mzungu akitafuta chanzo cha Nile tumeshamsoma tangu darasani, najua. Ila humu kuna mtu wa tatu, Sidi Mubarak Bombay, na Millard amempa nafasi anayostahili.

Bombay alikuwa Myao. Alitekwa akiwa mtoto, akauzwa, akavushwa bahari hadi India, akaishi utumwani huko, kisha akarudi Zanzibar akiwa mtu huru. Huko India ndiko alikojifunza Kihindustani, na Speke, aliyekuwa ofisa wa jeshi India, alikijua pia. Sasa fikiria namna ramani ya kwanza ya Ziwa letu ilivyopatikana. Tarehe 3 Agosti 1858 Speke anafika Mwanza akitokea Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, ambako amemwacha Burton mgonjwa. Hana chombo cha kumzungusha ziwani. Anakaa siku chache. Anauliza kwa Kihindustani maji haya yanaishia wapi, Bombay analigeuza swali kwa Kiswahili, mwenyeji anajibu anavyojua au anavyotaka, jibu linarudi kwa njia ileile, na Speke anaandika. Kisha anageuza kurudi Kazeh na kumwambia Burton kwamba amepata chanzo cha Nile. Burton akamkatalia, na ugomvi wao haukwisha mpaka Speke alipokufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe Septemba 1864, siku moja kabla ya mdahalo ambao wangekutana hadharani.

Speke alikuwa sahihi kuhusu Nile, lakini kwa ushahidi aliokuwa nao siku ile alikuwa anabahatisha. Hapo ndipo kitabu kinaponoga, na ukikisoma ukiwa Kapripoint, maji yenyewe yakiwa mbele yako, kinanoga zaidi.

Na kabla ya Speke ramani zilionyesha nini hapa kwetu?

Konokono. Wamisionari wawili, Erhardt na Rebmann, waliokuwa upande wa Mombasa, walikusanya habari kutoka kwa watu wa misafara wa pwani wakachora ramani iliyochapishwa London 1856. Kila msafara ulikuwa umekuta maji makubwa mwisho wa njia yake, na wao wakadhani ni maji yaleyale. Wakayaunganisha Victoria, Tanganyika na Nyasa kuwa ziwa moja refu lililojikunja kama konokono asiye na gamba. Ramani hiyo ya makosa ndiyo iliyosaidia kuwatoa kina Burton kwao.

Kwa anayetaka kuijua misafara yenyewe ilivyokuwa, soma *Peponi*. Hiyo ni riwaya ya Abdulrazak Gurnah, aliyepata Nobel ya fasihi 2021, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis, na imechapishwa na Mkuki na Nyota. Yusuf, kijana aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake, anapelekwa bara na msafara wa mfanyabiashara. Hakuna ramani hata moja kitabuni, lakini ukimaliza utaijua njia. Kiswahili chake kina pwani ndani yake na hakinuki tafsiri.

Kuna kitabu cha ramani kwa mtu asiyependa historia?

Jerry Brotton ametoa *Four Points of the Compass* mwaka 2024. Ni kifupi. Kinauliza kwa nini kaskazini ikakaa juu, na kinakumbusha kuwa wachoraji wengi wa dunia ya Kiislamu waliweka kusini juu, Wachina walikuwa na yao, na kadhalika. Mtu wa Dodoma katika kikundi chetu alikisoma safari moja ya basi akakimaliza kabla ya kufika stendi ya Nyegezi.

Wengi mnatuuliza kuhusu Tim Marshall na *Prisoners of Geography*. Kinauzika, kinasomeka, na hatukukiweka. Afrika nzima imepewa sura moja, na milima na mito inaachiwa kuamua mambo ambayo tunajua fika yaliamuliwa na watu waliokaa mezani na kalamu.

Ni kweli ramani ya ukutani shuleni inadanganya?

Inadanganya kwa ukubwa. Nyingi zinafuata mchoro wa Mercator wa 1569, uliotengenezwa kwa ajili ya mabaharia: unalinda pembe na uelekeo, halafu unavuta nchi kadiri zinavyokaa mbali na Ikweta. Chukua mfano wa kwetu. Ziwa Victoria lina kilomita za mraba zipatazo 68,800. Jamhuri ya Ireland ina kama 70,000. Ni karibu sawa. Sasa tazama ukutani: sisi tupo jirani na Ikweta, hivyo Ziwa linabaki lilivyo, wakati Ireland imetanuka karibu mara tatu. Ndiyo sababu Umoja wa Afrika mwaka 2025 ukaunga mkono kampeni ya kuachana na Mercator na kutumia michoro kama Equal Earth, uliobuniwa 2018. Mwalimu wa jiografia, ukiwa na mchoro mmoja tu wa kuning'iniza darasani, ningekuomba uwe huo.

Mpaka wa majini unatuhusu nini sisi wasomaji wa riwaya?

Unawahusu wavuvi kwanza. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890 ulipitisha mstari kwenye nyuzi 1 kusini ya Ikweta, ukakata Ziwa na kuendelea magharibi. Hakuna mwamba wala kisiwa kinachouonyesha. Mvuvi aliyefuata sangara usiku anaweza kuuvuka asijue, akajua tu akiona boti ya doria ya nchi ya pili. Leo Tanzania ina karibu asilimia 49 ya Ziwa, Uganda 45, Kenya 6, na bado Kenya na Uganda wamegombea Migingo, mwamba ulioezekwa mabati mwanzo hadi mwisho.

Mstari huohuo ulipanda nchi kavu ukaleta vita. Magharibi ya Ziwa haukufuata Mto Kagera, kwa hiyo kipande cha Tanzania kikabaki ng'ambo ya mto, upande wa Uganda. Idi Amin alidai mpaka ungepaswa kuwa mto. Oktoba 1978 majeshi yake yakaingia, daraja la Kyaka likavunjwa, na tarehe 11 Aprili 1979 majeshi yetu pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni wakaiteka Kampala. Nyumba ngapi za Mwanza na Bukoba zina picha ya mjomba mwenye magwanda ukutani?

Vitabu viwili vya 2025 vinafaa hapa, vyote vya Kiingereza. *A Popular History of Idi Amin's Uganda* cha Derek Peterson kinawatazama makarani, wakuu wa wilaya na wazalendo wadogo waliouendesha utawala ule kila asubuhi. Kwa maoni yangu ndicho bora. Cha pili ni *Slow Poison* cha Mahmood Mamdani, kinachomlinganisha Amin na Museveni. Mamdani ni miongoni mwa Waasia waliofukuzwa 1972, kisha akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa hiyo anaandika mambo yaliyompitia. Kilituletea mabishano makali. Wazee wawili walikasirika wakaona Amin amepunguziwa mno. Kisomeni mkasirike wenyewe.

Siasa ya Tanzania mmeiacha?

Hapana. *Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu*, maisha ya Mwinyi kwa kalamu yake, kilitoka 2021, na ni cha Kiswahili chepesi cha mzee anayezungumza. Alifariki Februari 2024, na tangu hapo kimetafutwa sana. Kianzie kwenye kujiuzulu tulikokutaja hapo juu, halafu ndiyo urudi utotoni. Mtu aliyejiuzulu kwa ajili ya wafu wa Usukuma akaja kuwa Rais miaka minane baadaye: mwandishi wa riwaya angeambiwa anatia chumvi.

Mwenye pumzi ndefu achukue *Development as Rebellion*, wasifu wa Mwalimu Nyerere wa 2020 katika juzuu tatu, ulioandikwa na Saida Yahya-Othman, Ng'wanza Kamata na Issa Shivji. Si lazima usome zote. Juzuu ya tatu, ya Shivji, ndiyo yenye moto: Azimio, vijiji, vyama vya ushirika, jeshi, na namna Mwalimu alivyowanyamazisha watu wake wa karibu. Waandishi wanampenda na hawamwachii.

Nataka ujasusi mtupu. Nipe.

*The Lumumba Plot* cha Stuart Reid, 2023. Kina mkuu wa kituo cha CIA Léopoldville (ndiyo Kinshasa ya leo), Larry Devlin, anayepokea sumu iliyoletwa na mkemia kutoka Washington mwezi Septemba 1960. Mojawapo ya mbinu ilikuwa kuiweka kwenye dawa ya meno ya Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo. Haikutumika; Devlin aliitupa Mto Kongo. Lumumba aliuawa kwa njia nyingine, Katanga, tarehe 17 Januari 1961, na Mbelgiji mmoja aliyetumwa kuyeyusha maiti kwa asidi akajiwekea jino. Jino hilo lenye dhahabu lilirudishwa Juni 2022, likatembezwa Kongo kwenye jeneza, kijijini kwao, Kisangani, Lubumbashi, kabla ya kuzikwa Kinshasa. Tulipofika hapo mtu akauliza hiki tumekiweka kwenye ujasusi kwa nini, kwa sababu ni hadithi ya mzimu. Hatukuwa na jibu.

Ukikipenda, endelea na *White Malice* cha Susan Williams, 2021, kinachoipanua habari hiyo hadi Ghana ya Nkrumah. Ni kinene, na kuna kurasa ambazo majina yanakuja kwa msururu hadi unapotea. Kiwe cha likizo.

Na majasusi wa Kiswahili?

Jasusi Willy Gamba yupo palepale. Riwaya za Elvis Musiba, *Kufa na Kupona*, *Kikosi cha Kisasi*, *Njama*, ni za miaka ya 1970 na 1980, na adui ni wale waliopinga ukombozi wa Kusini mwa Afrika. Leo kijana anaweza kudhani ni chumvi tupu. Ila Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963, na mji ulijaa wapigania uhuru na wanaowachungulia. Januari 1965 Tanzania iliwafukuza wanadiplomasia wawili wa Marekani kwa sababu ya mazungumzo ya simu yaliyonaswa na kuchukuliwa kuwa njama. Mmoja wao, Frank Carlucci, aliyekuwa Zanzibar, baadaye akawa naibu mkurugenzi wa CIA, kisha Waziri wa Ulinzi. Ukijua hilo, Willy anasomeka kwa sura nyingine. Wanawake wake, hata hivyo, wameandikwa vibaya jana na vibaya leo.

Ziwa letu limewahi kuwa na jasusi wake?

Limepata mmoja, na alikuwa mwongo. Richard Meinertzhagen aliongoza ujasusi wa Waingereza Afrika Mashariki wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Alijisifu kwamba habari zake bora alizipata vyooni: Wajerumani walipanguzia karatasi za ofisi, yeye akawalipa watu wazikusanye, zikasafishwa zikasomwa. Juni 1915 Waingereza walitoka Kisumu kwa meli wakaivamia Bukoba, wakaiteka, na mji ukaporwa. Shajara za Meinertzhagen kuhusu vita hiyo zilinukuliwa miaka mingi kama msahafu.

Kisha wakaja wachunguzi. Ilibainika kwamba aliiba ngozi za ndege kwenye makumbusho na kuzibandika lebo za uongo kana kwamba amewinda mwenyewe, na kwamba shajara zake hazitegemeki. Brian Garfield ameyaweka yote kwenye *The Meinertzhagen Mystery*, 2007. Si kipya, ila hakuna kilichokizidi. Kitakufundisha kumshuku kila jasusi anayeandika kumbukumbu zake.

Kwenye mizimu mmekuwa wabahili. Vitabu vinne tu?

Tumebana makusudi. Usukuma, hadithi ya mchawi haiishii kitandani na tochi. Vikongwe wameuawa mikoa hii kwa sababu ya macho mekundu, na macho yao yamekuwa mekundu kwa moshi wa kupikia miaka hamsini, tena wengine kwa kutumia samadi pasipo na kuni. Watu wenye ualbino wamekatwa viungo. Kwa hiyo tuna sharti moja: kitabu ambacho kikongwe ndiye mchawi, na mwisho wake kuuawa kwake ni ushindi, hakiingii, hata kikiandikwa vizuri namna gani.

Vilivyopita, basi. *The Seven Moons of Maali Almeida* cha Shehan Karunatilaka, kilichopata Booker 2022, ndicho tulichokipenda wote bila mabishano, jambo la nadra. Maali ni mpiga picha za vita, mcheza kamari, anaamka amekufa. Ahera kumbe ni ofisi ya serikali: foleni, makaunta, wafu wanapiga kelele wanataka kujua kwa nini wamekufa, na watumishi waliovaa meupe wanawaambia wasubiri. Ana usiku saba wa kuwaongoza rafiki zake kwenye picha alizoficha chini ya kitanda, picha ambazo wakubwa wengi wa Sri Lanka wasingependa zionekane. Mtu yeyote aliyewahi kufuatilia hati ya kiwanja atacheka mpaka alie.

Cha Kiswahili ni *Babu Alipofufuka* cha Said Ahmed Mohamed, 2001. Babu anatoka kaburini kumjia mjukuu wake K, mkubwa mwenye mali na cheo, na kumwonyesha nchi anayoinyonya. Kigumu kidogo mwanzoni, kivumilie. Halafu *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla, 1960, ambacho mtu anakutwa ameuawa mzimuni, kila mmoja anatetemeka, isipokuwa mpelelezi Bwana Msa na kiko chake. Cha nne ni *Nagona* cha Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, aliyetutoka Januari 2020. Sitajaribu kukieleza. Kurasa chache, soma mara mbili.

Mbona hakuna kitabu cha mizimu ya MV Bukoba? Hadithi zake zimejaa mtaani.

Meli ilizama tarehe 21 Mei 1996. Makaburi yapo Igoma, na waliozika bado tunapanda nao daladala. Hatupendekezi.

Mtoto wangu yupo kidato cha pili. Kipi kinamfaa?

Bwana Msa, bila wasiwasi. *Mzee Rukhsa* pia. Willy Gamba ana vitanda na vinywaji vingi. Amua mwenyewe, mzazi.

Nitavipata wapi hapa Mwanza?

Vya Mkuki na Nyota agiza Dar, vinakuja na basi, unavichukua Nyegezi au Nyamhongolo kwa gharama ya kifurushi. Vya Kiingereza vya miaka ya nyuma hutokea kwa wauza vitabu vya mitumba wa mjini, pita mara kwa mara na usionyeshe hamu. Maktaba ya mkoa ina Kezilahabi na wa rika lake. Uliza mtumishi, usitegemee rafu. Vipya kabisa ni vya kusomea kwenye simu, ukinunua kihalali. PDF za WhatsApp msitutumie. Waandishi wa Kiswahili tayari wanalipwa kidogo.

Mnaazimisha?

Ndiyo, kwa wiki tatu, na unaacha kitabu chako kama dhamana. *Mzee Rukhsa* ina foleni ya watu sita. *Slow Poison* ipo, kwa kuwa wale wazee wawili wamekataa kuiona tena ndani kwao.